Mtihani wa Mwisho wa Chuo Kikuu: Somo kwa Wanafunzi wa Kibera na Kawangware, na kwa Jamaa Zao

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, wako vijana wengi ambao asubuhi huonekana wakipanda matatu kwenda chuo kikuu, na usiku hurudi kulala katika chumba kimoja pamoja na wazazi na ndugu zao. Masomo yao ni mbalimbali, lakini jambo moja lawakabili wote, nalo ni mtihani wa mwisho. Somo hili lahusu mtihani huo: jinsi ulivyo, jinsi ya kujitayarisha katika nyumba isiyo na meza wala kimya, na jinsi watu wa nyumbani wawezavyo kusaidia.

Watu wa nyumbani wametajwa kwa makusudi. Mtihani huu haufanywi na mwanafunzi peke yake. Yumo mama aliyeuza mboga kando ya reli kwa miaka minne ili karo ilipwe. Yumo mjomba aliyeuza ng'ombe huko kwao. Wamo majirani waliotoa mchango. Umo pia mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, ambao sharti ulipwe, mwanafunzi akifaulu au asifaulu. Kijana akishindwa karatasi moja tu, huenda akangoja miezi mingi kabla ya kuirudia, na wenzake wakavaa majoho akiwatazama. Basi jambo lenyewe si dogo.

Mtihani wa chuo kikuu haukuanza zamani sana hapa Nairobi. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956. Mwaka 1961 kikageuzwa kuwa chuo cha daraja ya chuo kikuu, na wanafunzi wake wakatayarishwa kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Dar es Salaam katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Desturi moja ya siku zile yadumu hata leo: huitwa mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine, aje kutazama maswali na majibu, ili mwalimu wa darasani asiwe hakimu peke yake.

Kwanza yampasa mwanafunzi kujua alama zake zapatikanaje. Ni ajabu jinsi wengi wanavyofika mwaka wa nne bila kufanya hesabu hii. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, alama 30 katika kila 100 hutokana na majaribio na kazi za muhula, na alama 70 hutokana na mtihani wenyewe. Alama ya kufaulu kwa kawaida ni 40. Daraja la pili la juu huanzia 60, na daraja la kwanza huanzia 70. Mwanafunzi aliyepata 18 katika zile 30 za muhula ahitaji 22 katika 70 ili afaulu. Ahitaji 42 ili afike 60. Naye ahitaji 52 ili afike 70. Hesabu hiyo, ikiandikwa kwa kila somo kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani, huonyesha mara moja ni somo gani lililo katika hatari na lipi laweza kuachwa lingoje. Bila hesabu hiyo mwanafunzi husoma zaidi somo alipendalo, yaani lile asilolihitaji.

Pili ni mahali pa kusomea. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kibera au Kawangware atofautianapo na yule akaaye Lavington, ingawa Lavington na Kawangware zapakana. Nyumba nyingi za Kibera ni chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, na ukuta wa mabati hauzuii sauti. Jirani wa kulia ana redio, wa kushoto ana mtoto mchanga, na ng'ambo ya njia liko kanisa lenye vipaza sauti. Umeme hukatika. Kumwambia mwanafunzi wa namna hiyo atafute chumba kitulivu chenye dirisha na hewa safi, kama vitabu vingi vya mashauri visemavyo, ni kumfanyia mzaha.

Lakini ziko njia. Njia iliyo bora ni kutorudi nyumbani na vitabu. Mwanafunzi abaki maktabani mwa chuo chake tangu kipindi cha mwisho hata jioni, amalize kazi ya siku huko, na nyumbani aende kula na kulala. Kibera kwenyewe liko tawi la Maktaba ya Taifa, na wanafunzi wa mtaa hulitumia. Mjini iko Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kuingia humo. Mwaka 1962 ilitiwa mikononi mwa baraza la jiji, na leo mlango wake haumchagui mtu kwa rangi yake. Yafaa mwanafunzi aulize mapema saa za kufungua na kufunga, maana maktaba nyingi hufungwa kabla ya kazi kwisha. Na arudipo jioni, afuatane na wenzake. Simu na kompyuta ya mkononi iliyo na maandishi yote ya miaka minne ni mali ya kuibiwa, na mwizi hajui kwamba mtihani ni keshokutwa. Kwa hiyo maandishi yote yawe na nakala mahali pengine, kwa mfano kwenye barua pepe ya mwanafunzi mwenyewe au kwa rafiki aaminikaye.

Wako wanaotumia njia nyingine: hulala mapema, saa tatu usiku, kisha huamka saa tisa usiku, mtaa ukiwa umenyamaza, wakasoma mpaka saa kumi na mbili kwa taa ndogo ya nguvu za jua. Njia hii ni njema kwa sharti moja, kwamba saa za kulala zisipunguzwe. Anayelala saa sita na kuamka saa tisa hajapata faida. Atasoma kurasa 40 na kukumbuka 4. Usingizi ndio wakati ambao akili hupanga yale yaliyoingia mchana. Miraa na vinywaji vya kuchangamsha, ambavyo vyapatikana kila kona, huyafungua macho lakini havifungui kichwa, na baada ya siku tatu mwili hudai deni lake lote kwa mara moja, aghalabu asubuhi ya mtihani.

Sasa yafuata jambo la namna ya kusoma, na hili lastahili maneno mengi kwa sababu hapa ndipo bidii nyingi hupotea. Desturi ya wanafunzi wengi ni kusoma maandishi ya mwalimu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, wakipiga mistari ya rangi chini ya maneno. Wakimaliza huona kwamba wayajua. Kumbe wayatambua tu, kama mtu amtambuaye jirani kwa sura bila kulijua jina lake. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilijaribu jambo hili. Waliwapa wanafunzi habari fupi waisome. Kundi moja likairudia kuisoma. Kundi la pili likafunika habari ile na kuandika yote liwezayo kukumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, na wale walioandika asilimia 75. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, na walioandika walibaki na asilimia 56.

Maana yake ni hii. Kusoma tena na tena humpa mtu furaha ya usiku mmoja. Kujiuliza maswali na kujijibu bila kutazama huchosha, na humfanya mtu ajione mjinga, lakini ndiko kunakobaki. Basi mwanafunzi asome sura moja, afunge kitabu, achukue karatasi iliyotumika upande mmoja, na aandike yote ayakumbukayo. Kisha afungue kitabu na kutazama aliyoyasahau. Hayo aliyoyasahau ndiyo somo lake la kesho. Tena asiyamalize yote kwa siku moja: sura iliyojaribiwa leo, ijaribiwe tena baada ya siku mbili, na tena baada ya juma. Njia hii haihitaji meza wala umeme. Yaweza kufanywa ndani ya matatu namba 46 iliyokwama penye msongamano, au katika mstari wa maji mtungi ukingoja zamu. Mwanafunzi ambaye hana nafasi nyumbani, lakini ana saa mbili za barabara kila siku, ana saa 10 za kujiuliza maswali katika siku tano za juma. Hapo umaskini wa nafasi si kizuizi kikubwa kama udhaniwavyo.

Karatasi za mitihani iliyopita hupatikana katika maktaba nyingi za vyuo. Zisitumiwe kwa kubahatisha ni swali gani litakalokuja. Mchezo huo umewaangusha wengi. Zitumiwe kama mtihani wenyewe: saa mbili mezani, simu imezimwa, jibu laandikwa kwa mkono mpaka mwisho. Wanafunzi wa siku hizi huandika kwa vidole kwenye simu na kompyuta, na wengi hushangaa mkono unapouma baada ya ukurasa wa tatu. Kikundi cha watu watatu au wanne kinaweza kusahihishiana. Wakiwa kumi, ni baraza la mazungumzo.

Kuna adui mmoja wa wakati ambaye yafaa atajwe wazi. Nairobi imejulikana duniani kwa vijana wake waandikao insha za wanafunzi wa Ulaya na Marekani kwa malipo. Kazi hiyo imelipa kodi ya nyumba nyingi za mitaa hii, na haifai kumdharau kijana mwenye njaa. Lakini kwanza ni udanganyifu wa elimu, na pili hudai usiku mzima katika juma lile lile ambalo mwandishi mwenyewe ana mtihani. Wako waliompatia mtu wa ng'ambo alama nzuri, na wenyewe wakarudia mwaka. Kama fedha za chakula ndizo zinazokosekana, afadhali mwanafunzi aende kwa mkuu wa wanafunzi wa chuo chake mapema, wiki nyingi kabla ya mtihani, akaulize kama kuna msaada au kazi ya saa chache chuoni.

Kuhusu jamaa. Baba au mama asiyesoma chuo kikuu hawezi kujua uzito wa majuma haya matatu asipoambiwa. Kijana aketi nao, aeleze tarehe za karatasi zake, na kuziandika pale kila mtu aonapo. Aseme wazi ahitaji nini: kwamba siku fulani hataweza kwenda sokoni, kwamba redio izimwe saa tatu, kwamba wageni wa kijijini wangojee mpaka tarehe fulani. Binti ndiye aumiaye zaidi. Kaka yake akisema anasoma, huachwa asome. Yeye akisema anasoma, huulizwa kama maji yamechotwa na watoto wamekula. Wazazi wanaomlipia binti karo kwa jasho, kisha wakamnyima saa mbili za jioni, watupa fedha zao wenyewe. Wadogo zake waweza kuteka maji kwa majuma matatu na wasidhurike.

Kabla ya siku yenyewe, kadi ya mtihani iwe imepatikana. Vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi kuingia chumba cha mtihani kama hajamaliza karo au hajajiandikisha kwa kila somo, na foleni ya ofisi ya fedha huwa ndefu mno siku ya mwisho. Mwenye upungufu wa karo asijifiche. Aende na barua akaeleze. Pia asome ratiba kwa uangalifu. Ratiba huandikwa kwa saa za Kizungu, na nyumbani watu huhesabu kwa Kiswahili. Karatasi ya saa nane ya asubuhi kwa Kizungu ni ya saa mbili. Mama aliyeambiwa "saa nane" ataona ajabu kijana akitoka alfajiri, au kijana mwenyewe, kwa usingizi, atafika adhuhuri na kuukuta mlango umefungwa.

Safari ya asubuhi ni jambo la kupimwa mapema. Mvua ikinyesha nauli hupanda na magari hupungua. Tena kuna siku za ghasia. Maandamano yaliyoanza tarehe 20 Machi 2023 yalifanya njia za Kibera na Kawangware kufungwa kwa mawe na matairi yaliyochomwa, na mwezi Juni 2024 katikati ya jiji lenyewe halikupitika. Mwanafunzi mwenye karatasi siku kama hiyo afanye shauri jana yake: alale kwa rafiki akaaye karibu na chuo, hata kama ni sakafuni. Akizuiliwa kabisa, au akiugua, apeleke habari ofisini siku ile ile pamoja na ushahidi, kwa mfano cheti cha daktari, ili aombe mtihani maalumu. Anayekaa kimya huhesabiwa kuwa hakuja, na karatasi atakayopewa baadaye huwa ni ya marudio, ambayo kwa kawaida haimpi zaidi ya alama ya kufaulu hata akijibu vyema namna gani.

Ndani ya chumba, karatasi nyingi hutaka swali la kwanza lijibiwe na wote, kwa alama 30, kisha maswali mawili ya kuchagua, kila moja alama 20, kwa muda wa saa mbili. Dakika 120 hizo zigawanywe: 10 za kusoma maswali yote, 10 za kupitia majibu mwishoni, na 100 zilizobaki zigawanywe kwa alama 70. Swali la kwanza lapata dakika 43, na kila moja ya yale mengine dakika 28. Dakika zikiisha, mwanafunzi aache nafasi na kuendelea, hata kama ana maneno mengine mengi ya kusema. Alama 10 za kwanza za swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko alama 3 za mwisho za swali la zamani. Aliyejibu maswali mawili kwa ustadi mkubwa na kuacha la tatu tupu amekwisha kutupa 20 kati ya 70.

Juu ya hofu. Moyo kwenda mbio na mikono kutokwa jasho si dalili ya ujinga. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba wanafunzi walioandika hofu zao kwa dakika 10 kabla tu ya mtihani walifanya vizuri zaidi kuliko waliokaa bure. Karatasi hiyo haisomwi na mtu, yaweza kuchanwa. Ni kana kwamba hofu ikipewa mahali pake nje, hukiacha kichwa kifanye kazi. Hofu ya namna nyingine ni nzito zaidi: kijana hali, halali, hasemi na watu, au aanza kusema kwamba afadhali asingezaliwa. Hiyo si hofu ya mtihani tena, ni ugonjwa. Jamaa wasimwambie ajikaze. Wampeleke kwa mshauri wa wanafunzi chuoni au hospitali, wala wasimwache peke yake usiku huo. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta haiko mbali na Kibera.

Vikaratasi vya kuibia majibu huitwa na wanafunzi "mwakenya", jina lililotokana na chama cha siri cha miaka ya 1980, ambacho karatasi zake zilifichwa mifukoni na kupitishwa kwa hofu. Wale wa zamani waliokamatwa nazo walifungwa. Mwanafunzi wa leo akikamatwa na yake hupelekwa mbele ya kamati ya nidhamu, na aweza kufukuzwa, na miaka minne ya mboga za mama yake ikaisha kwa kipande cha karatasi kisichozidi kiganja.

Baada ya karatasi ya mwisho kazi haijaisha. Katika vyuo vya Kenya malalamiko ya alama zisizoonekana ni ya siku nyingi: mwanafunzi alifanya mtihani, alitia sahihi, lakini alama yake haimo katika orodha. Mwenye kadi za mitihani zote, nakala za kazi za muhula, na tarehe za kila karatasi zilizoandikwa katika daftari, huweza kulithibitisha jambo lake kwa siku moja kwa mratibu wa mitihani wa idara. Asiye navyo huzunguka ofisi kwa ofisi mpaka mahafali yapite. Afadhali alama za kila muhula zitazamwe mara zinapotoka, wala zisingojewe mpaka mwaka wa nne, wakati ambapo mwalimu mwenyewe huenda amekwisha kuhamia chuo kingine.

Mwisho ni jina. Orodha ya wahitimu hutolewa kwanza kwa muda, ili kila mtu atazame jina lake. Liwe sawasawa na lile la kitambulisho na cheti cha shule ya upili, herufi kwa herufi, na kwa mpangilio ule ule. Kulirekebisha wakati huo ni kazi ya dakika chache kwa msajili. Cheti kikisha kuchapishwa na kutiwa muhuri, kazi hiyo huwa ya kiapo mbele ya wakili, ada mpya, na miezi ya kungoja, na huku mwajiri ataka kukiona cheti Jumatatu.